Kidonda cha Kitandani ni Deni la Nani?

Liko neno ambalo husemwa mara nyingi matangani huku kwetu Masasi na Newala, nalo husemwa kwa upole wala si kwa ubaya: "Alilala siku nyingi, mwili ukaoza; ni amri ya Mungu." Wanaolisikia huinamisha vichwa na kuitikia, na mazungumzo huendelea. Ningependa tulitazame neno hili kwa makini, kwa maana ndani yake mna swali zito la haki. Mtu alivunjika mgongo, au alipooza upande mmoja, au alidhoofika kwa uzee hata asiweze kujigeuza. Baada ya miezi akatokwa na kidonda juu ya kifandugu, na kidonda hicho ndicho kilichompeleka kaburini. Je, ameuawa na ugonjwa wake? Au iko kazi ambayo mikono ya watu ilipaswa kuifanya, nayo haikufanywa? Na kama iko, deni la kazi hiyo ni la nani?

Siulizi ili kuwahukumu waliofiwa. Nauliza kwa sababu katika nyumba za vijiji vyetu wamo watu hai leo hii waliolala, na jibu tutakalolitoa laweza kuwa sababu ya kupona kwao, au ya kufa kwao polepole kwa jambo lililoweza kuzuiwa.

Kwanza yatupasa kujua kidonda hiki huanzaje. Nyama ya mwili huishi kwa damu ipitayo katika mishipa midogo sana, kama bustani ya bondeni iishivyo kwa maji ya mifereji. Mtu akilala mahali pamoja bila kujigeuza, uzito wake huibana nyama katikati ya mfupa na kitanda. Mishipa hufungwa, damu haipiti, na nyama iliyokosa damu kwa muda wa saa chache huanza kufa. Mahali panapoponzwa zaidi ni pale ambapo mfupa u karibu na ngozi: kifandugu, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega na kisogo. Kwa mtu anayekaa kitini siku nzima ni mifupa miwili ya makalio.

Mtu mzima hapatwi na haya, kwa sababu alalapo hujigeuza mara nyingi usiku kucha bila kujua. Nyama ikianza kubanwa, mwili humwambia, naye hugeuka usingizini. Hii ni rehema ambayo hatuna desturi ya kuishukuru. Aliyepooza amenyang'anywa rehema hiyo. Wengine husikia maumivu lakini hawawezi kusogea. Wengine, hasa waliovunjika uti wa mgongo, hawasikii lolote. Watu wa nchi hii wanajua tangu zamani maana ya kutosikia, kwa kuwa wamewaona wenye ukoma wakikanyaga mwiba na kwenda nao hata jioni, mguu ukaharibika bila mwenyewe kulia. Kidonda cha kitandani ni ndugu yake kidonda hicho. Kisichouma hakipigi kelele, na kisichopiga kelele husahauliwa.

Yako mambo mengine yaongezayo hatari. Unyevu wa jasho, mkojo au choo huilainisha ngozi hata ikawa kama karatasi iliyolowa. Kumburuza mgonjwa juu ya mkeka badala ya kumwinua huivuta ngozi upande mmoja na mfupa upande mwingine, mishipa iliyo katikati ikakatika. Njaa na kiu huukosesha mwili kitu cha kujijengea. Tena madhara mara nyingi huanza ndani karibu na mfupa, kabla ngozi haijapasuka. Siku kidonda kinapofunguka, shimo lake hukutwa kubwa kuliko mlango wake, nasi husema kimekuja ghafula. Hakikuja ghafula, kilijengwa saa kwa saa, na watu walikuwamo nyumbani.

Swali letu si geni ulimwenguni. Katika karne ya 19 tabibu mashuhuri wa Paris, Jean-Martin Charcot, alifundisha kwamba mtu aliyeharibika ubongo au uti wa mgongo hupata vidonda kwa sababu ya mishipa ya fahamu iliyoharibika yenyewe, na kwamba kidonda kikitokea upesi ni dalili ya kifo. Wengi walimsikiliza, kwa kuwa alikuwa mtu mkubwa. Walakini kabla yake tabibu mwingine, Charles-Édouard Brown-Séquard, alikuwa amekwisha kuonyesha kwa majaribio ya wanyama kwamba aliyekatwa uti wa mgongo, akiepushwa na kubanwa na unyevu, hatokwi na vidonda. Naye Florence Nightingale, Mwingereza aliyewauguza askari katika vita vya Crimea, alisema katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859 kwamba mambo mengi tunayoyahesabu kuwa mateso ya ugonjwa, pamoja na kidonda cha kitandani, kwa kawaida ni makosa ya uuguzi.

Basi, tazameni jinsi fikira mbili hizi zilivyozaa matendo mbalimbali. Aliyeamini kwamba kidonda ni ajali iliyokwisha kuandikwa hakuwa na sababu ya kuamka usiku. Kwa nini amgeuze mtu ambaye mwili wake umekwisha kuhukumiwa? Kwa muda mrefu askari na wafanyakazi waliovunjika mgongo waliwekwa kando hospitalini wafe, na kweli wengi sana walikufa, kwa vidonda na kwa magonjwa ya njia ya mkojo. Kifo chao kilionekana kuwa ushahidi wa fundisho lile, kumbe fundisho lile lilikuwa mojawapo ya sababu za kifo chao.

Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, tabibu Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1939, alipewa wodi ya waliovunjika uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Aliagiza kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, naye mwenyewe huenda usiku kukagua kama agizo lilifuatwa. Dawa mpya za siku zile zilimsaidia, lakini msingi wa kazi yake ulikuwa huo wa kugeuza, kuosha na kutazama ngozi. Watu waliotarajiwa kufa wakaishi. Tarehe 29 Julai 1948 wagonjwa 16, waume 14 na wake 2, walishindana kupiga mishale uwanjani hali wameketi katika viti vya magurudumu, na kutoka hapo ikazaliwa ile michezo ya walemavu inayokutanisha mataifa yote siku hizi. Saa mbili za Guttmann zilikuwa kitu kidogo, bali zilibatilisha hukumu iliyodhaniwa kuwa ya milele.

Kwa hiyo neno lile la matangani laanza kutetemeka. Mungu aweza kuruhusu mtu aanguke mwembeni au apinduke na pikipiki. Lakini kumwacha alale upande mmoja tangu magharibi hata alfajiri ni jambo tulilolifanya sisi, wala si haki kulitia sahihi jina la Mungu.

Hapo msomaji ataniambia, "Basi, mwalimu, umekwisha kujibu. Deni ni la mwuguzi. Aliyekuwa nyumbani ndiye aliyekosa." La, sijajibu bado, nami naona kwamba jibu hilo ni baya kuliko lile la kwanza.

Tuweke mfano. Kijana ameanguka mwembeni, akavunjika mgongo. Amepelekwa hospitali, labda Ndanda, labda Mkomaindo, labda mbali zaidi, hata Muhimbili, Dar es Salaam, na huko amegeuzwa kwa zamu na watu waliofundishwa kazi hiyo. Siku ya kuruhusiwa ikafika, akarudishwa nyumbani juu ya uwanda wa Makonde, kwa mama yake. Hapo ndipo kazi inapoanza. Mama huyu anatafuta maji, na kila mtu ajua maji ya uwanda wetu ni nini. Zamani wanawake waliteremka bondeni na kupanda tena na mtungi kichwani. Na ingawa mradi wa maji wa Makonde ulianzishwa katika miaka ya 1950, ziko siku ambazo bomba ni kavu na ndoo ya maji hununuliwa. Nguo za mgonjwa zahitaji kufuliwa kila siku. Palizi inangoja. Mwezi wa Oktoba korosho zimeanguka, na asiyeziokota hana fedha ya mwaka mzima. Wako na watoto wadogo.

Sasa tufanye hesabu kama shuleni. Kila saa mbili ni mara 12 katika usiku na mchana mmoja. Kwa juma ni mara 84. Kwa mwezi wa siku 30 ni mara 360. Mama huyu atalala lini? Atakwenda shambani saa ngapi? Mwanamume mzima asiyeweza kujisaidia ni mzito, na mtu mmoja akimgeuza peke yake atamburuza, maana hana la kufanya. Basi, mwezi wa tatu kidonda kimetokea. Majirani wanasema, "Hakumtunza mwanawe." Nani hakumtunza? Hao hao walikuwa wakipita njiani kila asubuhi na kuuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Mama akawajibu, "Hajambo kidogo, tunashukuru." Nao wakaenda zao na mioyo iliyotulia, kama watu waliokwisha kumtazama mgonjwa.

Tena si haki kusema kwamba kila kidonda ni ushahidi wa uzembe. Christopher Reeve, mwigizaji wa Marekani aliyevunjika shingo kwa kuanguka kutoka farasini mwaka 1995, alipokufa mwaka 2004 alikuwa akitibiwa kidonda cha namna hii kilichoingiwa na ugonjwa; wala hakukosa mali wala wauguzi. Mwili uliopooza ni adui mwenye subira, aweza kuushinda hata ulinzi mwema. Kwa hiyo mama aliyejitahidi na kidonda kikatokea asiambiwe neno la kumvunja moyo.

Twaona sasa kwamba makosa ni mawili. La kwanza ni kusema, "Ni amri ya Mungu." La pili ni kusema, "Ni kosa la mwanamke huyu." Yaonekana kama maneno yanayopingana, lakini kazi yake ni moja: yote mawili hutuweka huru sisi tulio nje ya nyumba. Kwa la kwanza twamtwika Mungu mzigo, kwa la pili twamtwika mtu mmoja asiyeweza kuuchukua. Mimi naamini kwamba kidonda cha kitandani ni deni la wote waliojua kwamba mgonjwa yupo. Mzigo wa mara 12 kwa siku haukufanywa kwa mtu mmoja, na aliyeuacha kwa mtu mmoja ameshiriki kukichimba kidonda kile.

Hapa yatupasa kusema wazi juu ya desturi zetu. Wamakua, Wamakonde na Wayao huhesabu ukoo upande wa mama. Desturi hii ina wema mwingi, kwa maana mtoto hakosi wajomba. Lakini mwanamume aliyeoa akalala kitandani katika nyumba ya mkewe, mara nyingi hutokea mashindano. Upande wa mke husema, "Huyu ni mtu wa watu, dada zake na wamchukue." Upande wake husema, "Alipokuwa na nguvu alilima shamba la nani? Waliokula jasho lake na wamuuguze." Wazee hukutana barazani, mjomba husema, shemeji hujibu, na kila mmoja ana hoja njema. Lakini mwili wa mgonjwa hauijui baraza. Shauri likianza saa nne na kwisha saa nane, saa nne zimepita, na kifandugu chake kimebanwa katika saa hizo zote. Mashauri ya ukoo na yasemwe, bali kwanza aingie mtu ndani akamgeuze.

Nasi Wakristo wa Masasi tuna sababu ya pekee ya kutojificha nyuma ya ukoo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alikuja Masasi pamoja na watu waliokombolewa utumwani, waliotoka Unguja. Ndio waliokuwa mwanzo wa kijiji cha Kikristo mahali hapa. Watu hao walikuwa wametengwa na ndugu zao kwa minyororo na bahari. Mmoja wao alipougua, angemngoja mjomba gani? Wale waliokaa karibu naye ndio waliokuwa ukoo wake. Kanisa hapa lilianzishwa na watu waliolazimika kuwa ndugu kwa sababu hawakuwa na ndugu wengine. Tukisema leo, "Huyu si wa kwetu," twaukana msingi ambao nyumba yetu imejengwa juu yake.

Kumbukeni habari mbili za Injili. Katika Yohana mlango wa 5 yumo mtu aliyelala penye birika la Bethzatha, mgonjwa wa miaka 38. Alipoulizwa kama ataka kuwa mzima, hakueleza ugonjwa wake. Alieleza kwamba hana mtu wa kumtia majini. Dawa ilikuwapo hatua chache kutoka mahali alipolala. Alichokosa ni mtu. Katika Marko mlango wa 2 yumo mgonjwa wa kupooza aliyefikishwa kwa Bwana kwa kutobolewa dari. Mwinjili hakutaja majina ya waliomchukua, ila idadi yao aliiandika: walikuwa wanne. Nafikiri idadi hiyo ina fundisho. Mmoja hawezi kuchukua kitanda, atamwangusha mgonjwa. Wanne waweza, kila mmoja na pembe yake, wala hakuna anayelemewa. Ndivyo wasemavyo wahenga, kidole kimoja hakivunji chawa.

Liko jambo moja zaidi lizuialo watu wema wasisaidie, nalo ni haya. Kumgeuza mgonjwa ni kuutazama mwili wake, kuusafisha, na pengine kuondoa choo chake. Mkwe hawezi kumfanyia mkwe mambo hayo, na binti huona shida kumfanyia baba. Sidharau haya, kwani ni ua la utu wetu. Lakini haya ikitumiwa vizuri hupanga kazi, haiikatazi. Mwanamume na atazamwe na ndugu zake wanaume, rafiki wa rika lake, na wajukuu, ambao kwa utani wao na babu waweza kufanya jambo lolote kwa kicheko bila mtu kuaibika. Mwanamke na atazamwe na dada zake na wanawake wenzake. Mkwe naye asikae bure: achote maji, afue, aanike godoro juani, apike uji.

Tena heshima kubwa kuliko zote ni kukumbuka kwamba mgonjwa ni mtu, si gogo. Asifunuliwe kabla ya kuambiwa, wala kuzungumzwa juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Aulizwe, "Babu, saa imefika, twaweza kukugeuza?" Mwenye nguvu za mikono afundishwe kujinyanyua mwenyewe na kujitazama kwa kioo, ili awe mlinzi wa mwili wake. Mwingine hukataa kugeuzwa kwa sababu ya maumivu au kwa kukata tamaa. Huyo asishindwe kwa nguvu wala kuachwa kwa hasira. Aelezwe sababu, aombwe, na arudiwe baada ya kitambo kidogo. Mara nyingi anayekataa hukataa kuwa mzigo, naye hubadilika aonapo kwamba waliokuja hawakuchoka naye.

Sasa nitaje kwa ufupi kazi zenyewe, ili mtu asiseme kwamba alitaka kusaidia lakini hakujua la kufanya.

Kwanza, mgonjwa ageuzwe kila saa mbili: ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia. Alalapo kwa ubavu awekewe mto nyuma ya mgongo, ili ainame kidogo na uzito wote usiwe juu ya nyonga. Mto mwingine uwe katikati ya magoti, na mwingine chini ya miguu, visigino vining'inie bila kugusa kitu. Mito ya sufi yafaa sana, nayo twaweza kuishona wenyewe. Akigeuzwa ainuliwe na watu wawili kwa shuka, asiburuzwe.

Pili, akaaye kitini ajinyanyue, au anyanyuliwe, au ainamishwe mbele na pembeni kila robo saa au nusu saa. Kiti kiwe na mto mnene. Asiwekewe kata kama ile ya kubebea ndoo; duara lile huibana damu pande zote na kuzidisha hatari.

Tatu, ngozi itazamwe asubuhi na jioni kwenye mwanga. Vitabu vingi husema, tafuta wekundu; lakini katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi. Tutazame mahali palipogeuka rangi kuliko jirani yake, kisha tupaguse kwa nyuma ya mkono. Pakiwa na joto au baridi kuliko pengine, pakiwa pagumu au pepesi, pakivimba au kung'aa, hapo kidonda kimekwisha kuanza chini. Pasilaliwe tena hata parudi hali yake, wala pasisuguliwe, kwa sababu kusugua huirarua nyama iliyokwisha kudhoofika.

Nne, mgonjwa awe mkavu. Akilowa, aoshwe mara moja kwa maji safi na sabuni kidogo, afutwe kwa kugusagusa, na ngozi yake ipakwe mafuta. Shuka isiwe na mikunjo, wala makombo, wala vifungo.

Tano, apewe chakula chenye kujenga mwili. Si lazima kitoke dukani. Mbaazi, kunde, choroko, njugu, mayai, dagaa na samaki wako huku kwetu. Na maji ya kunywa apewe mara kwa mara, asinyimwe kwa hofu ya kulowesha kitanda.

Sita, ngozi ikipasuka, pasafishwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, pamoja na chumvi kidogo, pafunikwe kwa kitambaa safi, na uzito uondolewe kabisa mahali hapo. Pasitiwe majivu, wala samadi, wala unga wa betri, wala dawa isiyojulikana. Nyama ikiwa nyeusi, au harufu ikawa mbaya, au mgonjwa akapata homa, apelekwe hospitali siku ile ile. Aliyesema usipoziba ufa utajenga ukuta alisema kweli. Lakini ukuta huu mara nyingi haujengeki tena.

Msomaji ataona kwamba katika haya yote hamna jambo moja lizidilo uwezo wa kijiji. Lililo gumu ni kudumu. Kumsaidia mgonjwa siku ya kwanza ni rahisi, kila mtu huja na kuku na machozi. Mwezi wa tano ndipo mlango unapokuwa mtupu. Kwa hiyo msaada usiachwe kwa huruma, kwa maana huruma huja na kuondoka. Na uandikwe katika zamu. Nyumba saba zikikubaliana, kila nyumba ina siku moja tu kwa juma. Katika siku hiyo wakiwa watu wanne, kila mmoja ana mara tatu za kugeuza, na usiku mmoja wa kuamka katika siku saba. Mwalimu aandike orodha, mzee wa kanisa aikague, chama cha akina mama na vijana wagawane saa za mchana ili mwenye nyumba aende shambani na kulala kama watu wengine. Wanafunzi wakubwa na wafundishwe hesabu hiyo ya mara 12, waone jinsi gawanyo lifanyavyo mzigo usiobebeka kuwa mwepesi.

Ataniuliza mtu, "Je, nikifanya zamu yangu na kidonda kikatokea, nina hatia?" Nijuavyo mimi, aliyelipa sehemu yake ya deni hana hatia, hata kama deni zima halikulipika. Atakayeulizwa ni yule aliyekuwa na mikono, akajua njia, akapita. Kuhani na Mlawi katika mfano wa Msamaria hawakumpiga mtu yule, wala hawakumnyang'anya kitu. Walipita tu. Na sisi twaweza kupita mbele ya nyumba kila siku kwa miezi sita, tukisalimu vizuri.

Basi, wapenzi, tubadilishe salamu yetu. Tufikapo penye nyumba ya mtu aliyelala tusiulize tu anaendeleaje. Tumwulize mama aliye mlangoni, "Zamu yangu ni saa ngapi?"